Usichomeke kwanza: maneno kwa anayeanza kufufua kompyuta kuukuu

Kompyuta ya kwanza niliyoinunua ili niihifadhi niliiua mwenyewe, na haikunichukua hata sekunde moja. Niliipata sokoni Mwanakwerekwe, hapa Unguja, chini ya meza ya mtu auzaye redio na spika za mtumba: boksi zito la rangi ya maziwa yaliyoungua, Pentium. Nililipa shilingi 15,000, nikapanda nayo daladala nimeipakata kama mtoto, na nilipofika nyumbani hata maji sikunywa. Nikachomeka waya. Ukasikika mlio kama fataki za sikukuu, moshi ukafoka kwa nyuma, na mama akatokea jikoni na mwiko mkononi kuuliza nimefanya nini tena.

Nyuma ya boksi, karibu na tundu la waya, palikuwa na swichi ndogo nyekundu inayosomeka 115. Umeme wetu ni volti 230. Ndani ya pawa saplai za aina ile, yaani sehemu inayoigawia kompyuta umeme, kuna kapasita mbili kubwa, vijipipa vya kushikilia umeme, kila moja imetengenezwa kuhimili volti 200. Swichi ikikaa kwenye 115 nawe ukaipa 230, kila moja inapata zaidi ya 300. Hazikuwa na la kufanya ila kupasuka.

Mzigo wa mtumba unaoingia visiwani unatoka pande zote, Dubai, Ulaya, Japani, na Japani nyumba zao zina volti 100. Kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kulipa. Kikisema 100-240, chombo kinajirekebisha chenyewe. Kikisema 100 peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha. Pakiwa na swichi nyekundu, isukume mpaka usome 230, kisha isome tena.

Lakini hata swichi ikiwa sawa, usichomeke. Hilo ndilo neno langu kubwa kwako, na mengine yote yanatoka humo. Hapa kwetu kompyuta haifi kwa uzee, inakufa kwa hewa. Chumvi ya bahari inaingia kila tundu la feni, kusi ikivuma na kaskazi ikivuma. Nyumba za Mji Mkongwe kuta zake ni mawe na chokaa, zinamwaga vumbi jeupe mwaka mzima, na vumbi hilo likikutana na unyevu wa masika linaganda juu ya madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, kama uji uliosahauliwa sufuriani. Chumvi ikilowa inapitisha umeme. Kitu kilicholala stoo miaka kumi kinaweza kuwa kizima kabisa, ukakiua wewe kwa kukiwasha kingali na unyevu.

Basi fungua. Bisibisi moja ya nyota inatosha kwa maboksi mengi ya ofisini. Kabla hujashika kitu, nusa. Harufu ya samaki ni kapasita iliyovuja, harufu ya kuungua ni ya kuungua, na harufu ya panya ni panya. Kisha mulika tochi pembeni, usimulike kwa juu, maana mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha kutu ya kijani kwenye miguu ya vijisehemu vya ubao. Katika pawa saplai ya boksi moja nilimkuta mjusi kafiri, amekauka, mguu wa mbele uko kwenye bati na mkia uko kwenye mguu wa kapasita. Alikufa yeye na fyuzi. Nilimtoa kwa koleo, nikapiga brashi, nikabadilisha fyuzi, na chombo kikawaka. Mengi yanayoitwa mabovu ni hivyohivyo, yana mgeni ndani.

Boksi likitoka sokoni mie naliacha wazi chumbani mbele ya feni siku tatu au nne. Usilianike juani, plastiki za zamani zinageuka manjano na kukatika kama mkate mkavu. Likishakauka, chukua brashi ya rangi ya inchi moja iliyo mpya, na spiriti ya duka la dawa, iliyo safi kuanzia asilimia 90. Ya asilimia 70 ina maji mengi. Ukiitumia, ipe siku nzima ikauke. Ramu, vile vibao vidogo vya kumbukumbu, uzichomoe, meno yake ya dhahabu uyasugue taratibu kwa raba ya penseli, upanguse, uzirudishe. Mara nyingi mno mtu ananiletea boksi linalopiga kelele bila kuonyesha picha, na dawa yake inakuwa raba ya mtoto wa skuli.

Sasa betri, na hapa nitakaa kidogo. Kompyuta za 386 na 486, zilizotangulia Pentium, nyingi zina betri ya pipa iliyochomelewa kwenye madabodi, ya volti 3.6, mara nyingi ya rangi ya buluu. Ni ya nikeli na kadimi. Ikizeeka inavuja, na kinachovuja si asidi, ni kinyume chake, magadi makali. Kinatambaa juu ya ubao kikila njia nyembamba za shaba, nawe huoni kitu ila unga wa buluu na kijani. Ukiikuta betri hiyo, ikate siku hiyohiyo, hata kama inaonekana nzima. Kisha mimina siki nyeupe kidogo kwenye kikombe, chovya mswaki mkuukuu, sugua palipoathirika. Utaona povu dogo, hiyo ni siki inayavunja magadi. Povu likikoma, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri za gari (hakikisha dukani wamekupa maji, si asidi), kisha spiriti, kisha feni. Watu wananiuliza kuhusu ndimu. Inafanya kazi, lakini inaacha utomvu unaonata, na sisimizi wa Unguja hawahitaji kualikwa mara mbili.

Ubao ukishakauka, pima njia kwa mita ya fundi umeme, moja baada ya moja, kuanzia palipokuwa na betri kwenda nje. Iliyokatika unaiunga kwa uzi mwembamba wa shaba. Ni kazi ya macho na subira, ifanye asubuhi. Ukitaka kurudisha betri, iweke mbali na ubao kwa waya, na ukitumia betri za kawaida zisizochajiwa, weka dayodi njiani, kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa sababu ubao wenyewe utajaribu kuzichaji.

Kwa maboksi ya baadaye, yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, tazama kapasita zilizosimama kuzunguka prosesa, ubongo wa kompyuta. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba kama chapati inayoiva, imekwisha. Miaka ile ziliingia sokoni kapasita nyingi zenye maji mabaya ndani, yakawa yanatoa gesi, na viwanda vingi vikaumia. Badilisha zote za aina moja kwa pamoja, uwezo uleule, volti zilezile au zaidi, zinazohimili joto la nyuzi 105. Piga picha ubao kabla ya kung'oa. Mstari ubavuni mwa kapasita ni upande hasi, ila alama zilizochorwa kwenye ubao si viwanda vyote vinakubaliana, na picha ndiyo shahidi wako.

Kuna kapasita nyingine ya kuichunga, ya karatasi, imefunikwa kwa plastiki ya manjano inayoonyesha ndani, mlangoni mwa umeme katika pawa saplai za miaka ya 1980. Plastiki yake inapata nyufa ndogo kama za chungu, karatasi inanyonya unyevu, na siku ukiwasha inafuka moshi unaonata kwenye mapazia wiki nzima. Nikiona nyufa tu naitoa. Kwa hewa yetu sioni sababu ya kuijaribu bahati.

Hapo ndipo tunafika kwenye kuchomeka, na bado si moja kwa moja. Tafuta balbu ya zamani ya waya, si LED, ya wati 60 au 100, uiunge mfululizo kwenye waya wa moto unaokwenda kwenye pawa saplai. Pakiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na chombo kinasalimika. Pakiwa pazuri, inamulika mara moja kisha inafifia. Fanya hivyo pawa saplai ikiwa haijaungwa na madabodi, lakini ifunge hadidiski mbovu iwe na kitu cha kuvuta, kwani nyingi za zamani hazisimami bila mzigo. Kisha pima: waya mwekundu volti 5, wa njano 12, ikipungua au kuzidi kwa zaidi ya asilimia 5 usiiamini. Katika zile za zamani zenye plagi mbili za madabodi, kumbuka waya weusi kwa weusi katikati. Ukizigeuza, umeuua ubao. Na kama hujawahi kufungua chombo cha umeme wa nyumbani, kaa na fundi wa redio mwezi mmoja kwanza, kapasita kubwa zinabaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Skrini za chogo usizifungue kabisa. Ndani mna maelfu ya volti na mie mwenyewe nampelekea mtu aliyezizoea.

Umeme wenyewe nao si wa kuaminiwa macho yamefumbwa. Waliokuwepo Unguja wanakumbuka mwezi ule wa 2008 bila umeme, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mji mzima ulinguruma jenereta, na jenereta ndogo zinapandisha na kushusha volti zinavyotaka. Boksi la ofisini la miaka ile ukilinunua, anza kuishuku pawa saplai.

Mgeni wa mambo haya kila mara ananijia na picha ya Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, akiuliza ataipata wapi sokoni Darajani. Miaka yote hii sijaikuta hata moja. Huko bara serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, na huku kwetu, pamoja na kwamba tulikuwa na televisheni ya rangi miaka hiyohiyo, kompyuta ya nyumbani haikuwa kitu cha watu. Kilichofika kwa wingi ni maboksi ya ofisi na ya msaada ya miaka ya 1990 na 2000. Yana sura ya kuchusha, nakubali. Lakini ndiyo yaliyoandika barua za hapa, matokeo ya skuli za hapa, hesabu za karafuu. Kusanya hayo. Waulize wanaohamisha ofisi, wenye hoteli wanaosafisha stoo, na wale vijana wa vyuma chakavu, ambao wanapima kwa kilo na watafurahi ukiwapa zaidi kidogo ya bei ya chuma. Waambie wasivunje plastiki.

Disketi ukizikuta, zivute kijilango chake na utazame sahani ya ndani kabla ya kuziingiza popote. Zikiwa na madoa meupe ni ukungu. Ukiingiza moja yenye ukungu, kichwa cha kusomea kinachafuka na kinauambukiza ukungu huo kwa disketi zote zinazofuata. Niliwahi kuharibu kumi na mbili jioni moja kwa pupa. Zisafishe kwa pamba yenye spiriti, uizungushe sahani taratibu. Na mafaili ya watu utakayoyakuta humo si yako. Mtafute mwenyewe umuulize, asipopatikana, futa.

Boksi ninalolipenda kuliko yote ni 486 niliyopewa na mwalimu mstaafu wa Chake Chake. Nililishusha kwa gari mpaka bandarini Mkoani, na kwenye meli nikaona nimeshapata akili kwa kuliweka juu nje, lisibanwe na magunia. Tulipofika bandari ya Malindi, Unguja, lilikuwa na chumvi nyeupe hadi kwenye matundu ya disketi. Likakaa mbele ya feni wiki nzima. Betri yake ilikuwa imekula njia nne, nikaziunga, betri nyingine sikuweka. Siku ya kuliwasha balbu ilimulika, ikafifia, nikaingiza disketi ya DOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta za zamani, na maandishi ya kijivu yakatokea yakiuliza tarehe.

Nikampigia mwalimu simu Pemba.

"Shikamoo mwalimu. Imewaka."

"Marahaba mwanangu. Ehe, inasemaje?"

"Inasema leo ni Jumanne, tarehe 1 Januari 1980."

Akakaa kimya kidogo, akihesabu. "Basi mie hapo bado sijaoa," akasema. "Iache hivyohivyo."