Vidonge vya vitamini D kwa mama aliyeanguka mara mbili

Ndugu yangu, pole sana kwa mama. Unauliza kama umtumie vidonge vya vitamini D huko Ujiji, kwa kuwa ana miaka 74 na ameanguka mara mbili. Hiyo hela iweke kwanza. Kwa mzee anayeishi nyumbani na hajapimwa akakutwa na upungufu, vidonge hivyo havizuii kuanguka. Kule Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba wanawake wazee waliopewa dozi kubwa mara moja kwa mwaka walianguka zaidi.

Kinachosaidia ni mazoezi ya miguu. Akae kwenye kiti kigumu, ainuke bila kujisukuma kwa mikono, akae tena. Kisha ashike meza asimame kwa mguu mmoja, mjukuu akiwa karibu. Afanye hivyo miezi na miezi, maana nguvu ikiachwa hupotea.

Ila kabla ya yote mpelekeni hospitali. Apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na macho pia. Dawa zake zote mzibebe, hasa za usingizi. Na njia ya chooni usiku iwekeeni taa, tafadhali.