Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Atwood Inapotoa g Pungufu

SWALI: Galileo alipimaje mwendo wa vitu vinavyoanguka ilhali hakuwa na saa ya sekunde? Na mbona mashine yetu ya Atwood (kamba juu ya kapi, uzani ukining'inia kila ncha), yenye gramu 490 kila upande na kipande cha kuongezea cha gramu 20 upande mmoja, inatupa g, yaani mchapuko (ongezeko la kasi kila sekunde) wa kitu kinachoanguka, ya 9.3 m/s² badala ya 9.8?

JIBU: Galileo aliupunguza mwendo kwanza. Kitabu chake cha 1638 kinaeleza ubao wa dhiraa 12 hivi, uliochongwa mfuo na kubandikwa ngozi laini, upande mmoja ukiinuliwa dhiraa 1 au 2. Gololi ya shaba nyeusi ikiachiwa, maji hukingwa kutoka kwenye bomba jembamba la chombo kikubwa mpaka ifike, kisha hupimwa kwa mizani. Uzito wa maji ndio wakati. Sekunde za nini, ikiwa kinachotafutwa ni uwiano? Robo ya njia ilichukua nusu ya wakati. Mkijaribu, chombo kiwe kipana, la sivyo usawa wa maji hushuka na mtiririko hulegea. Msitafute g humo: gololi inajizungusha pia, hivyo hata kwenye ubao bapa mchapuko wake ni 5/7 tu ya ule wa kitu kinachoteleza bila msuguano.

Tatizo lenu ni ndugu wa hilo. George Atwood wa Cambridge, aliyeieleza mashine yake 1784, aliegemeza ekseli ya kapi juu ya magurudumu madogo ili kupunguza msuguano. Lakini kapi lenyewe bado lazima lizungushwe. Gramu 20 zikivuta gramu 1000, mchapuko ungekuwa 0.196 m/s²: sentimita 9.8 katika sekunde ya kwanza, jumla 39.2 baada ya sekunde 2. Kupata 9.3 ni kama kwamba mnavuta gramu 1054. Hizo 54 huenda ni kapi, huenda ni msuguano, huenda ni vyote.

Vitenganisheni hivi. Ondoeni kipande cha gramu 20, sukumeni kidogo uzani mmoja ushuke. Uzani huo ukipunguza mwendo, ongezeni upande huo vipande vya waya mwembamba hadi ushuke kwa mwendo sare. Waya huo msiuhesabu kwenye zile 20. Kisha rudisheni kipande, mpime mchapuko kwa uzani tofauti tofauti, pande zote mbili zikiwa sawa. Kila mkibadili uzani, rekebisheni waya upya, maana mzigo ukiongezeka msuguano nao huongezeka. (Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi.)

Choreni grafu: 1 gawanya kwa mchapuko, dhidi ya jumla ya uzani na kipande. Mstari utakata mhimili wa uzani upande wa hasi. Umbali huo kutoka sifuri ndio mzigo wa kapi. Mwinamo wa mstari ni 1 gawanya kwa zao la kilo 0.02 na g, kwa hiyo g inapatikana bila kulipima kapi.

Mkitumia pete ya kunasa kipande, hakikisheni uzani hauyumbi: ukigusa ukingo wa pete, kipimo hicho kitupeni.