Fyuzi ikae karibu na betri
Ndugu, umeuliza kama fyuzi iliyo kwenye amplifaya yako ya wati 1000 inatosha, na kwa nini taa za gari hufifia kila besi inapopiga. Haitoshi. Fyuzi hiyo huilinda amplifaya yenyewe, lakini waya mrefu unaotoka kwenye betri hadi kwenye buti unabaki bila kinga, na ukichubuliwa na bati pale unapopenya ukuta wa injini, utapiga shoti na kuwaka moto huku fyuzi ya nyuma ikiwa nzima kabisa. Nimewahi kufunua zulia la gari nikakuta ganda la waya limeyeyuka na kugandamana na sponji, kwa hiyo nakusihi uweke fyuzi nyingine isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye betri, na waya uupitishe ndani ya mpira wa kinga.

Wati 1000 kwa volti 13.8 ni zaidi ya ampea 70, na ukijumlisha umeme unaopotea kama joto hufikia takriban 90. Tumia waya wa shaba halisi wa milimita za mraba 35, si alumini iliyopakwa shaba, pamoja na fyuzi ya ampea 100. Waya wa hasi uwe na unene uleule, uwe mfupi, na ufungwe kwa bolti kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi likang'aa.

Taa zikififia, mara nyingi altaneta (mashine ya gari inayozalisha umeme na kuchaji betri) imezidiwa, na kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, haitaongeza umeme ambao altaneta haizalishi.