Hakunyongwa, Ananing'inia

Mara ya kwanza karata ya 12 ya taroti, zile karata za picha zinazotumiwa kutafuta majibu ya maisha, iliponitokea, niliifunika haraka. Nilikuwa nimeuliza kuhusu dada yangu, ambaye kwa miezi mitano hakutaka kupokea simu zangu, na jibu likawa mtu mwenye kamba. Mwili ulinisisimka.

Kosa langu ni kwamba sikuitazama. Wengi huiita Mtu Aliyenyongwa, na neno hilo ndilo linalotutisha bure. Kamba haiko shingoni, iko kwenye kifundo cha mguu. Katika mchoro wa msanii Pamela Colman Smith, uliotolewa London mwaka 1909, kijana huyu ananing'inia kichwa chini kwa mguu wa kulia, na wa kushoto ameukunja nyuma ya mwenzake kama aliyejipumzisha. Mti wenyewe una majani mabichi. Uso umetulia, kichwa kimezungukwa na mwanga. Anayeteswa hawi na uso ule.

Chimbuko lake, hata hivyo, ni la aibu. Karata hizi zilianza kama mchezo kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na enzi hizo miji ya huko iliwachora wasaliti ukutani, miguu juu, ili kuwafedhehesha. Kwa sababu hiyo naipenda zaidi: picha ya fedheha imekuja kuwa ya utulivu.

Ikikutokea, usikimbilie kitabu kinachoeleza maana za karata. Igeuze kwanza umwone akiwa wima. Utadhani anacheza ngoma kwa mguu mmoja. Kisha jiulize: katika yote yanayonihangaisha, lipi halisogei hata nikilisukuma? Hilo liache. Hilo tu, maana wapo wanaoifanya karata hii kisingizio cha kukaa. Deni lililofika muda wake halingojewi, wala ugonjwa.

Langu lilikuwa zile simu, na ujumbe wa kila siku uliojaa kujitetea. Nikaacha. Wiki ya kwanza ilinielemea kuliko ugomvi wenyewe. Wiki ya pili nikausoma upya ujumbe wake wa mwisho, ule niliokuwa nimeujibu kabla ya kuumaliza. Mwishoni kabisa alikuwa ameniuliza swali, na sikuwahi kulijibu. Nikalijibu kwa mstari mmoja.