Kuanzisha kikundi cha vijana walioasiliwa

Mdogo wangu, umeuliza kama inafaa kuwakusanya vijana wenzako walioasiliwa, yaani waliofanywa kisheria kuwa watoto wa wazazi wasiowazaa, na mazungumzo yaanzie wapi. Anzeni, hata mkiwa watatu. Mimi niliambiwa kwamba nimeasiliwa nikiwa kidato cha pili, na kwa miaka mingi nilidhani niko peke yangu.

Sisi tulikuwa tunakutana Jumamosi nyumbani kwa mmoja wetu, chai na maandazi mezani. Swali lililotufungua midomo ni lile la kila siku: "Wewe kabila gani?" Dada mmoja akasema akiulizwa hivyo hutaja kabila la baba aliyemlea, halafu moyo unamwenda mbio, anaogopa ataongeleshwa kilugha. Tukanyamaza wote. Kumbe kila mmoja alikuwa na hofu hiyohiyo.

Jambo moja naomba sana: mtu asije akajulia kwenye kikundi kwamba ameasiliwa. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwachia mzazi aliyeasili kazi ya kumweleza mtoto, akishafika miaka 14 na ikiwa ni kwa manufaa yake. Kwa hiyo mkaribisheni anayejua tayari.

Anayetaka kutafuta ndugu wa damu aanzie kwa afisa ustawi wa jamii, na wenzake wasimharakishe. Asiyetaka kutafuta, mwacheni, hajakosa kitu.

Ukishapata wawili wa kuanza nao niandikie, nikueleze tulivyozungumza na wazazi wetu kabla ya kikao cha kwanza.