Ukurasa wa Ushonaji: Mfuko wa Zawadi Usiochomoka Mikanda

SWALI: Nimekusudia kumshonea dada yangu mkubwa mfuko wa kitambaa wa kubebea vitabu, uwe zawadi yake ya kuhitimu masomo. Nina wasiwasi, kwa sababu mfuko niliomshonea rafiki yangu hapo awali haukudumu: mkanda ulichomoka pamoja na kipande cha kitambaa, ingawa uzi wenyewe haukukatika. Nilikuwa nimepiga mistari mingi ya mshono mdogomdogo ili mkanda ushike vizuri. Je, ninunue kitambaa kizito zaidi? Cherehani yangu ni ya nyumbani, haina nguvu nyingi.

JIBU: Ndugu msomaji, maelezo yako yanatosha kuonyesha tatizo lilipo. Uzi ulikuwa imara. Kilichoshindwa ni kitambaa kilicho kando ya mshono. Kila sindano inapopita huacha tundu, na mistari mingi ya mshono mdogo iliyobanana mahali pamoja huacha safu ya matundu ambayo, uzito ukiivuta, huchanika kama stempu inavyochanwa kwenye karatasi yake. Kwa hiyo kitambaa kizito peke yake hakitakuokoa. Uimara wa mfuko wa namna hii hutegemea zaidi jinsi uzito unavyosambazwa pale mkanda unapokutana na pindo la mdomo, na hapo ndipo ninapokuomba utumie muda wako mwingi.

Chagua kanvasi au jinzi ya pamba yenye uzito wa kati ya gramu 270 na 340 kwa mita moja ya mraba. Kizito kuliko hapo kitaisumbua cherehani yako bila kukupa faida kubwa. Kifue kitambaa, kikaushe na ukipige pasi kabla ya kukikata, kwa kuwa pamba husinyaa inapofuliwa mara ya kwanza, na si vema dada yako akautoa mfuko kwenye maji ukiwa umejikunja kwenye mishono. Kata vipande viwili vyenye upana wa sentimita 45 na urefu wa sentimita 46, urefu huo ukifuata mtande, yaani ukienda sambamba na ukingo wa jora, kwa sababu kwa kawaida kitambaa hakinyumbuki sana upande huo.

Sasa mikanda. Watu wengi hukata ukanda wa kitambaa kilekile, huukunja uwe na tabaka nne, kisha huchomeka ncha yake chini ya pindo na kuigeuzia juu. Hesabu tabaka zilizopo hapo: nne za mkanda unaoingia, nne za mkanda unaorudi juu, na tatu za pindo, jumla yake ni tabaka 11 za kanvasi. Cherehani ya nyumbani hukwama hapo, huruka mshono au huvunja sindano. Ninakushauri kwa moyo wote utumie mkanda wa pamba uliofumwa tayari, wenye upana wa sentimita 2.5 hadi 3, ambao utazifanya tabaka hizo kuwa tano tu. Kata vipande viwili vya sentimita 70 kwa mfuko wa kuning'inizwa begani.

Shona kwanza mbavu na kitako, ukiacha sentimita 1.5 za akiba ya mshono, na upitishe zigizaga kwenye kingo ili zisitoke nyuzi. Ili mfuko upate kitako kipana, bana kila pembe ya chini hadi mshono wa ubavu ulale juu ya mshono wa kitako, chora mstari wenye urefu wa sentimita 10 unaokata pembe hiyo, ushone juu yake mara mbili, kisha upunguze kitambaa kilichobaki. Utapata mfuko wenye upana wa takriban sentimita 32, ambamo daftari la A4 huingia bila kujikunja.

Pindo la mdomo likunjwe sentimita moja, kisha sentimita tatu, na ndani yake ufiche ukanda wa kanvasi wenye upana usiozidi sentimita tatu, unaozunguka mdomo wote. Ukanda huo ndio utakaopokea uzito kutoka kwenye mikanda na kuueneza kwenye mfuko mzima, badala ya kuuacha ukining'inia kwenye vipande vinne vidogo. Pima sentimita 13 kutoka kila ubavu, chomeka ncha za mikanda chini ya pindo bila kuzisokota, na uzipigie bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono, maana pini hupinda kwenye tabaka nene. Baada ya kushona pindo lote, inua kila mkanda na uushone kwa umbo la mraba wenye msalaba ndani yake. Mraba mmoja unatosha. Usirudie mistari ya mlalo, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuchania mfuko wa kwanza.

Tumia sindano namba 100, ambayo unene wake ni milimita moja, au namba 110 kama kitambaa ni kizito zaidi. Uzi uwe wa poliesta, na kila hatua ya mshono iwe na urefu wa milimita 3 hadi 3.5. Ukifika penye unene, zungusha gurudumu kwa mkono, na uweke kitambaa kilichokunjwa nyuma ya mguu wa cherehani ili mguu huo ubaki sawa badala ya kuinamia upande mmoja. Kabla ya kuutoa mfuko, ujaze vitabu, utundike usiku kucha, kisha kagua mraba wa kila mkanda. Matundu yakiwa yamepanuka, fumua na uongeze kiraka ndani.

SWALI: Ninataka kutarizi jina la rafiki yangu kwenye mfuko. Je, nitarizi mwishoni, na je, ni lazima niweke bitana?

JIBU: Tarizi kabla ya kuunganisha chochote, kipande kikiwa bado bapa, kwa kuwa ni vigumu kuingiza fremu ya kutarizia kwenye mfuko uliokwisha shonwa. Liweke jina angalau sentimita 8 kutoka kila ukingo utakaoshonwa. Bitana, yaani kitambaa cha ndani, si lazima kwa ajili ya uimara, lakini katika mfuko wako ningeiweka, kwani huficha mafundo ya nyuma ya tarizi na kuyakinga yasinaswe na funguo au kalamu.

SWALI: Sina cherehani. Je, mfuko ulioshonwa kwa mkono unaweza kubeba vitu vizito?

JIBU: Unaweza, mradi utumie mshono wa kurudi nyuma na si ule wa kupenyeza tu, ambao nyuzi zake hulegea mzigo unapovuta. Tumia uzi mnene uliopakwa nta, vaa subana kukinga kidole, na chagua kitambaa chepesi kidogo, kwa mfano marekani nzito. Ushone mraba wa mikanda siku ambayo mkono wako haujachoka.