Digrii Mbili kwa Miaka Mitano: Uliza Kwanza Unahama Muhula Gani

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari, mwaka wangu wa nne wa masomo Marekani. Nje theluji imefika magotini, nami nimekaa mezani kwenye nyumba tuliyopanga watu wanne, Watanzania wawili na ndugu wawili wa Kikongo kutoka Bukavu. Nikafungua ukurasa wa ada kwenye simu. Muhula uliotangulia pale palisomeka sifuri. Siku hiyo palisomeka dola 6,400, na nilipewa siku 12 kulipa.

Nilidhani wamekosea, nikapiga simu ofisi ya ada. Mama aliyepokea alikuwa mpole, akanisomea taarifa zangu taratibu: kuanzia muhula huo mimi ni mwanafunzi wa uzamili, na ufadhili wangu ni wa wanafunzi wa shahada ya kwanza tu. Barua ya ufadhili iliniahidi mihula minane. Nilikuwa nimetumia saba. Wa nane ukayeyuka kwa sababu nilikuwa nimefikisha krediti 120 mapema (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), na kwa wanafunzi wa programu yetu, inayounganisha digrii ya kwanza na masta, ukifikisha hizo unahamishiwa upande wa uzamili. Hakuna aliyekuwa ameniambia, na mimi sikuwa nimeuliza.

Ninaandika haya kwa sababu kila mwaka ikifika miezi ya maombi napata ujumbe kutoka kwa vijana waliomaliza Kidato cha Sita, na kutoka kwa wazazi wao, kuhusu hizi programu za kuunganisha: digrii ya kwanza na masta kwa miaka mitano, sheria kwa miaka sita badala ya saba, udaktari unaoingia ukitoka sekondari. Ni njia nzuri. Nimeipita na sijutii. Lakini watu wanaiangalia kama basi la haraka, wakati haraka hiyo inatoka mahali mahususi sana, na ukipaelewa utajua kama basi hilo ni lako.

Tuanze na hesabu. Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120, yaani miaka minne ya mihula miwili, takriban krediti 15 kila muhula. Masta nyingi ni krediti 30. Mwanafunzi wa uzamili hubeba krediti 9 kwa muhula na huhesabiwa kuwa anasoma muda wote, kwa hiyo krediti 30 zinakula mihula mitatu au minne, karibu miaka miwili. Sasa, programu ya kuunganisha inakuruhusu kuchukua kozi kadhaa za masta ukiwa bado mwaka wa tatu au wa nne, na kozi hizo zikahesabiwa kotekote: kwenye digrii ya kwanza na kwenye masta. Wakikuruhusu krediti 12 za namna hiyo, zinabaki 18. Gawa kwa 9 unapata mihula miwili. Mwaka mmoja. Basi hapo ndipo mwaka wa pili wa masta ulipopotelea, na si kwamba kuna mtu alisoma usiku na mchana kuliko wenzake.

Ndiyo maana idadi ya krediti zinazohesabiwa mara mbili ni jambo la kutazama kabla ya jina la chuo. Chuo kikikubali 6 tu, zinabaki 24. Utazisoma 12 kwa muhula, na masta ya krediti 12 kwa muhula ni msuli wa kweli, hasa kwenye hisabati na takwimu kama nilivyosoma mimi, au utaongeza muhula wa tatu na kuulipia. Mabango yote yanasema miaka mitano, lakini ndani yake hayafanani.

Kuna kitu kingine kinachojificha kwenye kozi hizi za pamoja. Alama ya C inatosha kabisa kwenye digrii ya kwanza. Upande wa masta, vyuo vingi vinadai B kwenda juu. Rafiki yangu alipata C kwenye kozi ya uchumi ya ngazi ya juu, kozi ikahesabika upande mmoja tu, akalazimika kutafuta nyingine ya kuziba pengo kiangazi, kwa pesa yake. Kwa hiyo usijaze kozi za masta kwenye muhula ambao tayari una maabara mbili na kazi ya usiku. Mimi nilichukua ya kwanza peke yake, muhula wa pili wa mwaka wa tatu, nikaona joto lake ndipo nikaongeza.

Mama yangu alinipigia kutoka Morogoro nilipomwambia habari hizi mara ya kwanza. "Mwanangu, hiyo miaka mitano ni digrii mbili kweli, au ni moja iliyoongezwa jina?" Swali la mtu aliyelipa ada maisha yake yote, na ni swali la haki, kwa sababu jibu linategemea programu. Zipo zinazoitwa tatu jumlisha mbili, maarufu kwa wahandisi: unasoma miaka mitatu kwenye chuo kidogo, kisha miwili kwenye chuo kikubwa cha uhandisi. Mpango wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York ni wa namna hii. Ukimaliza una vyeti viwili, lakini vyote ni vya shahada ya kwanza, kimoja cha chuo ulikoanzia na kimoja cha uhandisi. Ni elimu nzuri, ila si masta. Na kwa kuwa unahama chuo kabisa, ufadhili uliopewa kule mwanzo haukufuati wenyewe. Uliza chuo cha pili kinatoa nini kwa mwanafunzi wa kigeni anayeingia kwa njia hiyo, na uombe jibu kwa maandishi.

Sheria ina utaratibu wake. Kwa kawaida mtu anasoma miaka minne ya chochote, historia au biolojia, kisha miaka mitatu ya sheria. Kanuni za Chama cha Wanasheria cha Marekani zinaruhusu shule ya sheria kumpokea aliyekamilisha robo tatu ya digrii ya kwanza, na hapo ndipo ilipozaliwa tatu jumlisha tatu: mwaka wa kwanza wa sheria unahesabiwa kuwa ndio mwaka wa nne wa digrii. Unaokoa mwaka mzima. Lakini angalia hatari yake. Mwaka wa kwanza wa sheria ni mgumu, na ukikushinda katikati hujapata sheria na digrii ya kwanza nayo bado haijakamilika. Kwenye masta ya miaka mitano ukiamua kuacha, mara nyingi unaondoka na digrii yako ya kwanza bila tatizo. Hilo ni tofauti kubwa mno, na kijana wa miaka 20 aliye mbali na nyumbani anapaswa kuambiwa waziwazi kabla hajasaini.

Udaktari ndio unaowachanganya wazazi wetu kuliko vyote. Nyumbani mtoto akitoka Kidato cha Sita na alama nzuri za PCB (fizikia, kemia na biolojia) anaingia chuo cha udaktari cha Muhimbili moja kwa moja, miaka mitano, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini. Marekani udaktari unaanza baada ya digrii ya kwanza, kwa hiyo ni minne na minne, ndipo uanze mafunzo ya ubingwa. Programu za kuunganisha zipo chache. Chuo Kikuu cha Missouri kule Kansas City kina ya miaka sita tangu 1971. Chuo Kikuu cha Brown kina ya miaka minane, na hiyo haifupishi chochote: inachokupa ni uhakika wa nafasi, usome ukiwa na utulivu. Sasa, programu nyingi za aina hii zinapokea raia au wenye green card (kibali cha ukaaji wa kudumu) tu. Kwa Mkongo au Mrundi aliyekulia kule na makaratasi yake yamekamilika, mlango uko wazi, ajaribu. Kwa kijana anayetoka Dodoma na viza ya mwanafunzi, milango iliyo wazi inahesabika kwa vidole, na kwa moyo mweupe kabisa namshauri mzazi wake: kama lengo ni udaktari na una alama za kuingia vyuo vya nyumbani, soma udaktari nyumbani, kisha utafute ubingwa nje.

Narudi kwenye pesa, maana huko ndiko nilikoumia.

Programu hizi ziko za namna mbili. Kwenye moja unapokea digrii ya kwanza mwaka wa nne, unavaa joho, kisha unaanza mwaka wa tano kama mwanafunzi wa uzamili. Kwenye nyingine digrii zote mbili zinatoka siku moja mwishoni, na katikati kuna siku ambayo ofisi inakubadilisha jina kutoka mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuwa wa uzamili. Siku hiyo kila kitu kinabadilika. Ada ya kila krediti inaweza kupanda. Ufadhili wa shahada ya kwanza unakoma. Wenye green card wanaopata Pell Grant, msaada wa serikali usiorudishwa, nao wanaukosa, maana ni wa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Na mikopo ya serikali kwa wanafunzi wa uzamili imepunguzwa: kuanzia Julai 2026 wanaoanza hawaipati tena ile ya Grad PLUS iliyokuwa ikifunika gharama zote, na kwa masta ya kawaida kikomo ni dola 20,500 kwa mwaka.

Upande wa uzamili una neema yake, nao ni usaidizi wa kufundisha. Unasimamia vipindi vya mazoezi, unasahihisha, na chuo kinakusamehe ada na kukulipa posho. Tatizo ni kwamba idara nyingi huwapa kwanza wanafunzi wa uzamivu (PhD), na nyingine haziwapi kabisa wale ambao bado hawajapokea cheti cha kwanza. Kwa hiyo unaweza kujikuta pale nilipojikuta mimi: si wa huku tena, na kule hawajakupokea.

Nilifanya nini? Nilikwenda kwa mshauri wa masomo asubuhi iliyofuata. Alitoa karatasi ya kozi zangu, akaipitia kwa penseli mstari kwa mstari, kisha akanyamaza. Akasema kama ningemfuata Oktoba, angenitoa kozi moja ya krediti 3 nikamaliza muhula na 117, nikabaki shahada ya kwanza hadi Mei, ufadhili wote mkononi. Krediti 3. Nililipa deni kwa awamu nne. Niliosha trei kwenye bwalo la chuo saa 20 kwa wiki, ndicho kikomo cha viza ya mwanafunzi, F-1, masomo yakiwa yanaendelea, na mmoja wa wale ndugu wa Bukavu alinilipia kodi ya nyumba miezi miwili bila kuniuliza nitarudisha lini. Septemba nikapata usaidizi wa kufundisha, nikapumua.

Kwenye viza yenyewe, mambo mawili. Ukihama ngazi, fomu yako ya I-20, ile hati ya chuo inayobeba viza yako, lazima ibadilishwe ionyeshe ngazi mpya, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni haisomi mawazo ya ofisi ya ada. Wapelekee habari mwenyewe. La pili ni ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo. Inatolewa miezi 12 kwa kila ngazi ya digrii unayopanda, na fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati zinaongezewa miezi 24. Ukipokea digrii zote mbili siku moja, ile miezi 12 ya digrii ya kwanza hutaitumia tena. Kwa wengi hilo si hasara kubwa, ila kama familia inategemea uanze kutuma chochote nyumbani mapema, kumaliza digrii ya kwanza, kufanya kazi mwaka mmoja, ndipo urudi kwa masta huenda kukakufaa zaidi.

Na kuna kundi ambalo nalisihi lisiingie kabisa. Kama unataka uzamivu wa sayansi, Marekani programu nyingi za uzamivu zinapokea hata mwenye digrii ya kwanza peke yake, bila masta, na zinakulipia ada na posho. Kujilipia masta ili ufike mahali ambapo wangekulipa wewe, ni pesa ya wazazi inayokwenda bure.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko mwaka wa pili sasa kwenye chuo kingine, anataka masta ya afya ya jamii kwa njia hii. Jumapili moja tulikaa kwenye simu tukaandika barua pepe kwa mshauri wake, maswali matatu tu: nitahesabiwa mwanafunzi wa uzamili kuanzia muhula gani, ni nani mwenye kuamua tarehe hiyo, na ufadhili wangu utakuwaje siku hiyo. Nikamwambia pia aombe nakala mbili za matokeo, za kila digrii peke yake, maana siku akitaka vyeti vyake vitambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, hatapenda kuanza kueleza kwa nini kozi moja inaonekana mara mbili.

Jibu lilikuja Jumatano: muhula wa kwanza wa mwaka wa tano, asiposajili zaidi ya krediti 119 kabla ya hapo. Mdogo wangu akanitumia picha ya ratiba yake, ile 119 ameizungushia duara, na chini yake ameandika kozi ya kuacha.